Supu ya tambi za Kijapani: dalili za kuharibika, chanzo chake na namna ya kuinusuru

Supu hii ikikubali, huiva kabla ugali na mboga yake havijafika mezani. Ikigoma, hugoma kwa namna ileile karibu kila jiko: mchuzi ni chapwa, au chumvi inawasha ulimi, au tambi zimelainika hadi zinakatika zikiguswa na kijiko. Wengi hulaumu viungo walivyokosa dukani. Mimi naona kosa kubwa ni moja, nalo halihusu duka: kila kitu kimepikwa katika sufuria moja.

Kule Japani bakuli la udon (tambi nene za ngano), soba (tambi za unga wa mbegu za buckwheat) au rameni (tambi za ngano za manjano) ni vitu vitatu vinavyopikwa mbalimbali na kukutana dakika ya mwisho. Kuna mchuzi mwepesi usio na chumvi, yaani dashi, au supu ya mifupa kwa upande wa rameni. Kuna kikolezo chenye chumvi, ambacho wapishi wa rameni hukiita tare, na msingi wake ni sosi ya soya, chumvi tupu au miso, yaani rojo zito la soya iliyochachushwa. Halafu kuna tambi, zilizochemshwa kwenye maji yao wenyewe. Faida kwa anayetafuta kosa ni kubwa, maana unaweza kuonja kila kimoja peke yake, kama fundi umeme anavyozima swichi moja moja mpaka aipate yenye hitilafu.

Kipimo cha kuanzia, kwa bakuli la mtu mmoja: mchuzi mililita 300, tambi kavu gramu 100, sosi ya soya kijiko kikubwa kimoja na nusu, na kitu kitamu kidogo. Wajapani hutumia mirin, ambayo ni pombe tamu ya mchele yenye kilevi cha kama asilimia 14. Asiyetumia kilevi aweke sukari kijiko kimoja cha chai na tone la siki nyepesi. Supu haitapungukiwa na cha kuonekana. Soma pia lebo ya sosi ya soya yenyewe, kwa sababu baadhi huongezewa kilevi ili zisiharibike.

Mchuzi ni chapwa, kama maji ya moto yaliyotiwa rangi

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu hata ukipatia mengine yote, mchuzi chapwa hauokoleki kwa kuongeza sosi. Ukiongeza sosi unaongeza chumvi tu, na mwisho wake ni supu ya chumvi isiyo na ladha.

Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo alichunguza kombu, mwani mnene wa maji baridi unaovunwa zaidi Hokkaido, akakuta kinachoupa mchuzi wake utamu wa nyama ni glutameti. Utamu huo akauita umami, na mwaka uliofuata chumvi ya glutameti ikaanza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akakuta kemikali nyingine, inosineti, kwenye katsuobushi, yaani samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama ubao, kisha akaparuzwa vipande vyembamba. Baadaye mtafiti Akira Kuninaka akaeleza jambo ambalo wapishi walikuwa wanalitumia siku zote bila kulijua jina: viwili hivi vikikutana, ladha yake haijumlishwi tu, inazidishwa.

Kwa hiyo mchuzi ukiwa chapwa, uliza kwanza: una upande mmoja tu? Dagaa peke yao watakupa inosineti. Nyanya, uyoga au kombu peke yake vitakupa ule upande wa pili. Mchuzi wa kawaida wa Kijapani huchanganya gramu 10 za kombu na gramu 20 au zaidi za katsuobushi kwa lita moja ya maji. Loweka kombu nusu saa, pasha moto taratibu, itoe kabla maji hayajachemka. Tia katsuobushi, zima moto, subiri dakika moja au mbili, chuja.

Huna hata kimoja kati ya hivyo? Huhitaji kuagiza. Mkoani Kagawa, ambako udon ni chakula cha kila siku, mchuzi hutokana zaidi na iriko, na iriko ni dagaa: samaki wadogo waliochemshwa kwa maji ya chumvi kisha wakaanikwa. Hivyo ndivyo dagaa wa Zanzibar wanavyotayarishwa. Chukua gramu 20 hadi 30 za dagaa kavu, konzi moja ya mkono, kwa lita moja ya maji. Loweka nusu saa au usiku kucha, chemsha kwa moto mdogo dakika 10 hivi huku ukiengua povu, chuja. Upande wa glutameti utaupata kwa nyanya moja iliyoiva hasa, iliyokatwa na kuchemshwa humo humo. Mchuzi utapata wekundu kidogo, Mjapani wa Osaka atakunja uso, lakini ladha itajaa. Sosi ya soya nayo ina glutameti yake, ndiyo maana mchuzi wa dagaa uliokuwa mpole sufuriani huamka mara tu ukikutana nayo.

Vidonge vya kukolezea mchuzi vitakutoa njaa siku ya haraka, ila vingi vina manjano, kitunguu na bizari ndani yake. Supu itakuwa nzuri, haitakuwa ya Kijapani.

Mchuzi una shombo au uchungu

Uchungu wa mchuzi wa dagaa hukaa kwenye kichwa na tumbo. Bibi yeyote wa Kigoma au Mwanza anayechambua dagaa kabla ya kuwakaanga anajua, na mpishi wa Kijapani hufanya vivyo hivyo kwa iriko wake. Chambua, kisha wapashe kwenye kikaangio kikavu dakika mbili tatu mpaka wanukie vizuri, ndipo uwaloweke. Kipande cha tangawizi kwenye sufuria kinasaidia, lakini hakifichi dagaa walioozea guniani. Dagaa wenye rangi ya njano ya kutu na harufu ya mafuta ya zamani wamechacha, waache.

Dagaa wa Ziwa Victoria, omena kwa Wakenya, mara nyingi huanikwa mchangani. Waoshe kwa maji mengi kabla ya kuwapasha, na mchuzi ukishachujwa uache utulie dakika chache, kisha umimine taratibu ukiacha tope la chini.

Uchungu kwenye mchuzi wa kombu una chanzo kingine: imeachwa ikachemka. Kwenye katsuobushi, chanzo ni kuchemsha muda mrefu au kukamua makapi kwenye kitambaa ili kisipotee kitu. Acha yachuruzike yenyewe. Uyoga mkavu wa shiitake nao ulowekwe kwa maji baridi saa kadhaa, si kwa maji ya moto dakika kumi, maana haraka hiyo hutoa uchungu na kuacha utamu ndani ya uyoga.

Ule unga mweupe juu ya kombu si ukungu. Ni manitoli, sukari ya asili ya mwani huo. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, usioshe.

Mchuzi unateleza au umekuwa mzito

Kombu iliyochemka hutoa utelezi pamoja na uchungu, kwa hiyo dalili hizi mbili zikija pamoja umeshampata mkosaji.

Lakini kuna kisa cha pwani. Mtu anasoma kwamba mchuzi wa Kijapani unahitaji mwani, anakumbuka mwani unaolimwa Zanzibar tangu 1989, Paje na vijiji vingine, anatia kipande sufuriani. Mchuzi unakuwa kama uji mwepesi na haupati utamu wowote. Sababu ni kwamba huo ni mwani wa aina nyingine kabisa. Unalimwa kwa ajili ya karajini, kitu cha kugandishia kinachotiwa kwenye maziwa ya viwandani na dawa ya meno. Kugandisha ndiyo kazi yake, na sufuriani imefanya kazi yake. Mwani huo utumie kwenye saladi au juisi, hapa uuache.

Chanzo cha tatu cha uzito ni wanga wa tambi zilizochemshwa ndani ya mchuzi, na hilo linatupeleka kwenye chumvi pia.

Chumvi imezidi

Udon na somen, yaani tambi nyembamba sana za ngano, hukandwa kwa unga, maji na chumvi, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo hutoka wakati wa kuchemsha. Ndiyo maana maji yake hayatiwi chumvi. Aliyezoea kuchemsha spageti hutia chumvi kwa mazoea, au huchemsha tambi moja kwa moja kwenye mchuzi uliokwisha kolezwa, kisha anashangaa. Chemsha kwa maji matupu, lita moja kwa kila gramu 100, na uyamwage.

Vyanzo vingine vya kuangalia haraka: dashi ya unga wa pakiti tayari ina chumvi nyingi, kwa hiyo sosi ya soya ipunguzwe nusu kwanza. Dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi nao huja na chumvi yao. Sosi ya soya ya rangi nyepesi, usukuchi, inayopendwa Osaka na Kyoto, ina chumvi kuliko ile nyeusi ingawa inaonekana mpole. Na mchuzi uliokolezwa ukaachwa jikoni ukitokota unakauka maji na kubaki na chumvi yote. Ndiyo faida ya kuweka kikolezo bakulini na kumwagia mchuzi juu yake.

Dawa ni moja, kuongeza mchuzi usio na chumvi, au maji ya moto kama mchuzi umekwisha. Kiazi kilichotumbukizwa hakivuti chumvi kwa namna ya pekee. Kinanyonya mchuzi, chumvi na maji pamoja, na kilichobaki kina ukali uleule.

Supu iliyokolea vizuri ina chumvi ya kama asilimia 1.2, yaani gramu 4 hivi kwa bakuli, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Japani wengi hula tambi na kuacha sehemu ya mchuzi bakulini, na si utovu wa adabu. Kwenye pakiti za haraka anza na nusu ya kile kipakiti cha viungo.

Sufuriani ilikuwa tamu, bakulini imepooza

Tambi zilizochujwa hovyo hubeba maji. Zitie kwenye mililita 300 za mchuzi na umeshauzimua kwa maji ya kuchemshia. Zikung'ute kwenye chujio kwa nguvu, mara tatu nne, mpaka matone yaache kudondoka. Na mchuzi ukiuonja peke yake uwe umezidi kidogo kwa ladha. Ukikutana na tambi utakaa sawa.

Bakuli baridi ni kosa la pili. Mwagia bakuli maji ya tambi wakati zinaiva, yamwage, ndipo upakue. Kwa rameni kuna la tatu, mafuta. Harufu ya rameni hupanda juu ya tabaka jembamba la mafuta ya kuku, ya kitunguu saumu au ya ufuta. Kijiko cha chai kimoja kinatosha. Udon na soba hazihitaji.

Tambi zimekuwa uji

Tambi za pakiti za haraka ndizo wahanga wakubwa. Mwaka 1958 Momofuku Ando alitoa rameni ya kuku ya papo hapo kwa kuzikausha tambi ndani ya mafuta ya moto, na maji yanapotoka kwa kasi hiyo huacha vitundu vingi vidogo ndani yake. Vitundu hivyo ndivyo vinavyozifanya ziive kwa dakika tatu, na ndivyo vinavyoendelea kunywa mchuzi ukiwa unatafuta chumvi, unajibu simu, unamwita mtoto aje mezani. Zitoe dakika moja kabla ya muda ulioandikwa. Mlaji asubiri tambi, tambi zisimsubiri mlaji.

Udon, soba na somen zina hatua ambayo wengi huiruka: zikiiva huoshwa kwa maji baridi, zikisuguliwa kwa mikono, mpaka utelezi wa wanga uishe. Uivaji unasimama hapo hapo na tambi zinakaza. Kwa supu ya moto, zichovye tena kwenye maji yanayochemka sekunde chache, kung'uta, weka bakulini. Tambi za rameni kwa supu ya moto haziogeshwi hivyo. Hutoka sufuriani na kuingia bakulini.

Soba zikikatika vipande vifupi, soma pakiti. Unga wake hauna ule mvuto wa ngano, na zilizotengenezwa bila ngano hata kidogo ni dhaifu kwa asili. Anayeanza achukue zenye mchanganyiko, mathalani sehemu nane za unga huo kwa mbili za ngano. Na maji yake ya kuchemshia usiyamwage yote. Japani huyanywa mwisho wa mlo yakiwa yamechanganywa na mabaki ya mchuzi wa kuchovyea.

Zimeshikana donge

Maji machache, au hukukoroga sekunde 30 za mwanzo. Mafuta ya kula kwenye maji hayasaidii, yanaelea juu tu. Zikishashikana, zimwagie maji ya moto kwenye chujio na uzitenganishe kwa vijiti au uma.

Nje zimeiva, ndani zina kiini kigumu

Kama unapika Nairobi, Mbeya au mji mwingine wa mwinuko, lawama si yako. Maji hupoteza kama nyuzi moja ya kuchemka kwa kila mita 300 za kwenda juu, kwa hiyo Nairobi yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Muda ulioandikwa Japani uliandikwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Ongeza dakika moja, onja, ongeza tena nusu. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa mwenye dalili hii aangalie moto: tambi nyingi zimetiwa kwa mkupuo kwenye maji machache, yakapoa.

Hazina ukakamavu wa rameni

Rameni hukandwa kwa kansui, maji ya kaboneti ya sodiamu na potasiamu, na ndiyo yanayoleta ule umanjano na ukakamavu. Spageti za kawaida hazina. Wajapani waishio mbali na kwao wana ujanja: chemsha spageti nyembamba kwenye maji yenye bikaboneti, ile soda ya kuumulia keki, kijiko kikubwa kimoja kwa lita. Tumia sufuria kubwa na tia soda kidogo kidogo, maana povu hufurika hadi kuzima jiko. Tambi zikiwa na ladha ya sabuni, umezidisha soda au hukuzisuuza.

Msomaji anayeweka magadi kwenye maharage au makande atauliza kama magadi yatafaa. Kikemia ni ndugu wa kansui kabisa. Mimi siyatumii hapa, kwa sababu magadi ghafi huja na floridi na uchafu wa ziwani, na kiasi kinachotakiwa ni kikubwa kuliko kile kipande kidogo cha kwenye maharage.

Yai limekuwa gumu, au ganda linabanduka na nyama yake

Yai la kiini laini hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka tayari, dakika sita na nusu hadi saba usawa wa bahari, dakika moja hadi moja na nusu zaidi nyanda za juu, kisha maji baridi mara moja. Mayai ya asubuhi hii kutoka bandani ndiyo yanayokataa kumenyeka. Ya wiki iliyopita humenyeka vizuri.

Miso imekuwa chengachenga na harufu imepotea

Ilitiwa kama donge kwenye mchuzi unaotokota. Zima moto, chota mchuzi kwenye upawa, yeyusha miso humo, rudisha. Usichemshe tena, na ukilazimika kupasha, pasha mpaka mvuke tu.

Imebaki, kesho itafaa?

Mchuzi na kikolezo, ndiyo, vikiwa mbalimbali. Mchuzi wa dagaa au kombu hukaa kwenye friji siku mbili tatu, na ukigandishwa hukaa zaidi. Tambi zilizolala kwenye mchuzi hazifai, zimeshavimba na kuunywa wote. Makapi ya kombu na katsuobushi Wajapani huyakatakata na kuyakausha kwenye kikaangio na sosi ya soya na sukari, wakayalia wali. Dagaa waliotoa mchuzi wanakubali dawa hiyo hiyo, na pilipili mbuzi kidogo haiwadhuru.